Mwaka Mama Alipolala Mchana

Juzi daktari kijana, mtu wa umri wa mwanangu wa mwisho, alinifunga mkanda wa kupimia presha mkononi, akaupuliza, akaangalia mashine yake, kisha akaniangalia na mimi. "Mama, mwili wako umekaza sana," akasema. "Kila siku tafuta muda, lala chini, fumba macho, legeza kiungo kimoja kimoja kuanzia vidole vya miguu. Ni mambo ya kisasa haya, yanasaidia." Mambo ya kisasa! Nilitaka kucheka nikashindwa, maana ile harufu ya raba iliyochanganyika na spiriti ilikuwa imeshanirudisha Kizwite, Sumbawanga, kwenye chumba cha mama yangu, nimelala pembeni yake mkekani, nasikiliza bati likilia kwa upepo. Nikamwambia, "Asante baba, nitajaribu." Ningemwambia nini kingine? Kwamba kazi hiyo niliijua kabla meno yangu ya mbele hayajaota upya?

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka miaka ile. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Sabuni za kunukia zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imemwagwa sokoni Majengo mpaka inakanyagwa, na malori ya watu binafsi yanapanda kwetu Ufipa kununua mahindi ambayo zamani yalikuwa yakiusubiri ushirika mpaka yanatobolewa na wadudu. Baba alikuwa mpima mizani kwenye ghala la ushirika. Ghala lilipofungwa akapunguzwa kazi, naye akadandia malori hayohayo, akawa dalali. Leo yuko Tunduma, kesho Mbeya, nyumbani anakuja kubadilisha shati na kuniletea pipi. Tulibaki mama na mimi, na shamba letu nyuma ya nyumba za mwisho za Kizwite, na tumbo la mama.

Tumbo hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa. Baada yangu mama alikuwa amezaa mara mbili, na wote wawili hawakukaa. Wa kwanza simkumbuki kabisa. Wa pili nakumbuka kitambaa cheupe, na watu wazima wakinong'ona jikoni. Kwa hiyo tumbo hili mama alitembea nalo kama mtu aliyebeba mayai kwenye njia ya utelezi, na jioni kwenye sala alikuwa na ombi moja tu, bila kulizungusha: "Mungu, huyu niachie." Nami nilijibu "Amina" kwa sauti kubwa kuliko ya kanisani.

Siku ya kliniki alinichukua kwa kuwa hakuwa na wa kuniachia. Nesi wa pale alikuwa mtawa, Sista Benadeta, Mfipa kama sisi, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha na mikono laini. Alimfunga mama kitambaa kizito mkononi, akashika kipira cheusi akaanza kukiminya: fyu, fyu, fyu. Nikaona kwa macho yangu kitambaa kikivimba. Halafu akainama akabonyeza mguu wa mama, kidole chake kikaacha shimo, na shimo lile likabaki palepale. Miguu ilikuwa imejaa, mikono imejaa, pete ya ndoa imezama kwenye nyama. "Presha imepanda," Sista akasema. Basi nikajumlisha hesabu zangu mwenyewe. Baba alikuwa na pampu ya baiskeli, na kazi yake niliijua vizuri. Huyu sista alikuwa anamjaza mama yangu upepo.

Msinicheke. Mtoto hupewa vipande vya habari, anaviunga kwa uzi alionao. Nilisimama pale nikiwa nimekunja ngumi, namchukia yule mtawa kwa moyo wangu wote, na yeye ananipa biskuti.

Sista alitaka kumlaza wodini siku ileile. Mama akakataa kwa upole: mume yuko safarini, mtoto anasoma, shamba halijaguswa. Sista akashusha pumzi. "Basi unisikilize, Mama Skola. Ukiumwa kichwa cha kupasua, ukiona nyotanyota, usimngoje mtu, uje. Na kila siku ukishakula mchana, funga mlango, ulale. Sikwambii usinzie. Nakwambia ulale, huku unafanya kazi." Akampandisha kwenye kile kitanda cha kupimia, akamlaza ubavu wa kushoto, akamwekea shuka lililokunjwa katikati ya magoti. "Kaza vidole vya miguu. Kaza kwelikweli. Sasa legeza, viache. Umesikia tofauti? Haya, visigino. Kaza. Legeza." Akampandisha hivyo hivyo, magoti, mapaja, kiuno, mgongo, mabega, mpaka kwenye paji la uso. "Na pumzi uitoe polepole, ndefu kuliko uliyoivuta." Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Pumzi ndefu ya kutoka: upepo unarudishwa nje. Kumbe hata yeye alijua amezidisha, sasa anamfundisha mama namna ya kuupunguza!

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa na saa ambayo haikuwahi kuwepo. Nilitoka shuleni, tukala ugali wa ulezi na maharage, mama akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akatandika mkeka juu ya godoro la sufi chini sakafuni, maana kitanda kilikuwa kinamlia akigeuka. Mwanzoni aliona aibu hata mbele yangu. Alilala akiwa amekaza shingo, macho yanakodoa kwenye dari, anasikiliza kama kuna mtu anapita nje. "Mama, hujafumba," nikamwambia. "Nimefumba." "Hujafumba, nakuona." Akacheka, na kucheka kule kukamlegeza kuliko kaza-legeza zote za Sista.

Baadaye akaanza kuijua ile kazi, nami nikaijua kwa kumwigiza. Nililala mgongo wangu ukigusa tumbo lake. Alikuwa anataja viungo kwa sauti ya chini, kwa Kifipa, maana alisema miguu yake haijui Kiswahili. Siku moja alifika kwenye bega akaishia hapo. "Skola, njoo ushike hapa." Nikashika. Lilikuwa gumu kama gogo. "Unaona? Nimelala hapa lakini bega hili bado limebeba ndoo. Ndoo niliitua asubuhi, lenyewe halijaambiwa." Akaliambia. Nikalisikia likishuka chini ya mkono wangu, taratibu, nikashangaa mno. Siku nyingine ikawa taya. Aligundua kwamba mchana kutwa alikuwa anauma meno, hata anapoimba. Akaniambia nitafute na mimi pangu pagumu, nikatafuta, nikakuta nyayo zangu zimejikunja ndani kama za kuku aliyelala mtini. Sijui hata zilikuwa zinashikilia nini.

Nitasema wazi: sijawahi kuwa na furaha kama ile. Upepo wa Ufipa mnaujua, unavuma kama una kesi na mtu, na sisi tuko ndani, joto la mama mgongoni kwangu, harufu ya mafuta ya nazi na moshi kwenye kanga yake, na mtoto ndani ya tumbo ananipiga teke la mgongo. "Anakusalimia huyo," mama ananong'ona. Nikitulia sana nilisikia moyo wangu masikioni, na nyuma yake wa mama, mzito zaidi, na nilijidanganya kwamba nasikia na wa tatu. Nilikuwa natega sikio pia kusikia upepo ukimtoka, nikitegemea mlio kama wa tairi. Siku niliyomwuliza kama umebaki mwingi ndipo alipojua ninavyofikiri. Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akanieleza kwamba kile kipira kinapima tu, hakimjazi mtu. Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Sikumwamini hata kidogo.

Sasa niwaeleze balaa lilikotokea. Kwetu salamu ni kazi ya mwili mzima. Unachuchumaa au unapiga magoti, unapiga makofi taratibu, unauliza ya nyumbani, ya shamba, ya mvua, unaulizwa na wewe, na kila jibu ni jema. Hata kama paa linaungua, unaanza na "hatujambo," ndipo unafika kwenye "ila." Mama alikuwa amelelewa vizuri mno. Hakuwahi maishani kumsalimia mtu mzima akiwa amelala, labda alipokuwa hajajua kutambaa.

Habari kwamba Mama Skola anajifungia mchana hazikuchukua muda kuzunguka mtaa. Na mnajua sifa yetu ya uchawi sisi wa Sumbawanga. Huko Dar ukitaja tu unakotoka, watu wanasogeza kiti. Basi na sisi wenyewe kwa wenyewe hatukuoneana huruma. Nilimsikia jirani kisimani akimwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti kwa ajili yangu: "Mtu anayelala mchana, usiku anakuwa wapi?" Wakacheka. Nilipomwambia mama, hakucheka. Siku iliyofuata komeo halikufungwa. Mlango uliachwa wazi, ili kila anayepita aone hakuna kinachofichwa, na mkeka ukasogezwa ukutani, mahali ambapo aliyeko nje hamwoni aliyelala.

Mlango ukiwa wazi, watu huingia. Waliosikia anaumwa walikuja kumpa pole, na hao ndio walikuwa wengi, watu wema kabisa, na mafungu ya maharage mikononi. "Hodi humu!" Mama yuko kwenye magoti ya kaza-legeza, anashtuka, anajizoazoa, anafunga kanga, anatoka, anapiga magoti na makofi, pa, pa, pa. Hatujambo. Hatujambo kabisa. Karibuni. Anatafuta viti, anawasha moto, anachemsha chai. Wanakaa. Wanamwambia, "Pole mama, upumzike." Wanaondoka wameridhika. Anarudi mkekani, anaanza vidole vya miguu, na mwingine yuko mlangoni. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Loo! Mimi nikiusikia msemo huo mpaka leo naondoka mahali.

Nilijaribu. Nilikaa kizingitini nikasema, "Mama hayupo," na mama mwenyewe akaitikia kutoka ndani, "Nipo, karibuni!" Nilipoumbuliwa hivyo mara kadhaa nikaamua nikae tu. Mtoto wa darasa la pili atamzuia nani?

Kisha akaja bibi, mama mzaa baba, kutoka Mwimbi. Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha, ndio wakati wa kulima ntumba, vile vilima vya mviringo ambavyo majani marefu yanafunikwa ndani ya udongo yaoze, yawe mbolea ya msimu ujao. Bibi alishuka kwenye lori la mahindi na jembe lake begani, maana jembe la mtu mwingine hakuliamini. Nataka mnielewe: bibi hakuwa mtu mbaya. Alikuja kumsaidia mkwewe. Alilima shamba lile karibu lote peke yake, mwanamke mzee, na jioni aliosha vyombo akiimba nyimbo za kanisani. Lakini alipoingia siku ya kwanza saa ya mchana akakuta mkeka umetandikwa, alisimama mlangoni akauangalia kama ameona nyoka.

"Nani mgonjwa?"

Mama alikuwa ameshapiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mgonjwa, Mama Skola?"

"Hakuna mgonjwa, mama. Ni Sista tu amesema nilale kidogo mchana, presha imepanda."

"Tumbo si ugonjwa," bibi akasema, na akasema kwa huruma kabisa. "Tumbo linataka miguu itembee. Ukilala, mtoto naye analala, siku ya kutoka hajui njia. Mimi mume wako nilimzaa nimetoka shamba, jembe nililiegemeza ukutani likiwa na udongo wake."

"Ndiyo mama. Ila Sista..."

"Huyo Sista amezaa wangapi?"

Mimi nilikuwa na jibu, nikalitoa: "Bibi, mama anatoa upepo. Akisimama unarudi." Bibi alinikazia macho, halafu akacheka mpaka machozi, akanivuta akanikumbatia. "Ebo! Mjukuu wangu, kila mtu anatoa upepo." Hadithi hiyo aliwasimulia wageni wote. Ikawa kichekesho cha mtaa.

Hakumkataza mama kulala, hapana. Alikuwa anaingia na kutoka tu. Anakuja kuchukua kisu, mama anainuka kumpokea. Anarudi kunywa maji, mama anapiga magoti na kikombe. Mkwe hawezi kumnyooshea miguu mama mkwe. Bibi alisema, "Kaa tu, usisumbuke," na hilo nalo ni neno la adabu ambalo hakuna anayelitii. Nilikuwa naangalia miguu ya mama. Mashimo ya vidole yalikuwa yanazidi kuchelewa kujaa. Usoni alikuwa amebadilika, macho yamekuwa madogo, hata sauti imekuwa ya mtu mwingine. Lakini kila akipata nafasi alilala, akataja viungo vyake kwa Kifipa, haraka haraka kama mtu anayesali akiwa amechelewa. Nami nililala nyuma yake nikiwaza, Mungu wangu, leo upepo umetoka kidogo tu.

Siku yenyewe bibi alikuwa shambani. Nilimkuta mama ameketi, amefunga kichwa kwa kitambaa. "Kichwa kinapasuka," akasema. "Na nyotanyota zimejaa ukutani, Skola." Nikaangalia ukuta nisizione, nikasikitika, nilitamani kuziona. Akasema tupumzike kidogo, halafu tutatembea polepole mpaka kwa Sista. Akalala ubavu wa kushoto. Hakuwa amefika hata magotini, wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani wakaja kumpa pole, wengi, na sala ndefu. Aliinuka. Alipiga magoti, alipiga makofi. "Hamjambo?" "Hatujambo." Alishika ukuta kuinuka, na nadhani mimi peke yangu ndiye niliyeuona mkono ule.

Walipotoka alirudi mkekani. Nikajilaza nyuma yake. Akaanza kukaza.

Alikaza vidole vya miguu, vya mikono, magoti, mgongo, shingo, taya, vyote kwa pamoja. Nikafikiri leo ameamua kufanya zote mara moja ili amalize mapema. Nikangoja alegeze. Meno yalikuwa yanasagana. Nikamwambia, "Legeza, mama." Akazidi. Mwili mzima ukaanza kutikisika, na mimi nimekaa pembeni, nimemshika bega, namfundisha. "Legeza vidole. Legeza visigino. Pumzi itoke. Mama, legeza." Nilikwenda kwa mpangilio, sikuruka kiungo, kama alivyofundishwa. Povu lilipotoka mdomoni likiwa na damu ndipo nikajua kwamba hanisikii.

Nilikimbia. Nilikuwa naelekea kwa Sista, na barabarani nikakutana na Mzee Kasimiri, jirani yetu, anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikapiga magoti kwenye tope, nikapiga makofi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umetoka shule?"

"Nimetoka."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Neno lilitoka lenyewe, na sauti yangu ilikuwa nzuri, ya mtoto mwenye adabu. Naisikia mpaka leo. Nilikuwa najua kinachofuata ni "ila," nilikuwa naitafuta mdomoni, na haikuwepo. Yeye alishaanza kuondoka. Ndipo nikapiga kelele kwa nyuma: "Ila amekaza! Amekaza hataki kulegea!"

Mzee aligeuka akaniangalia magoti yangu, mikono yangu, sijui aliona nini. Baiskeli aliiacha ikaanguka na gunia lake. Sikuwahi kumwona mzee akikimbia. Aliwaita wale wanawake wa jumuiya ambao walikuwa hawajafika mbali, wakageuka wote mbio na kanga zao, na mtu akatumwa Majengo, pikapu ya wanunuzi wa mahindi ikaja. Walimlaza mama juu ya magunia matupu. Bibi alitokea shambani akiwa na jembe, akapanda nalo, hakuna aliyemwambia aliache.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa hospitali jioni ile, amenyamaza. Sista Benadeta ndiye aliyetoka kunieleza kwenye baraza, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Nilimwuliza kama ni kwa sababu mama hakulala vya kutosha, kwa sababu ya wageni. "Kulala kunampa mama nguvu, Skola, kunamtuliza. Ugonjwa huu wenyewe hakuuzuii. Ningeweza kumlaza hapa mwezi mzima na bado ungekuja." Nimewauliza madaktari wengi tangu hapo, hata huyu wa juzi nusura nimwulize. Wote wanasema karibu hivyohivyo. Sina wa kumlaumu, si bibi, si wale wanawake na mafungu yao ya maharage. Afadhali ningekuwa naye, kuna siku natamani kabisa mtu wa kumchukia.

Baba alikuwa bado hajapatikana, wakisema lori liko njia ya Mbeya. Mama alilala siku nzima hajitambui. Alipozinduka, nilikuwa nimeketi kwenye kona ya kitanda chake. Aliniangalia, akaliangalia tumbo lake, hakuuliza. Akageuka ubavu wa kushoto, akafumba macho. Nilidhani ataanza vidole vya miguu. Hakuanza chochote, alilala tu, na mikono yake ilikuwa imekaa wazi juu ya shuka.

Ndipo bibi akaingia wodini. Alikuwa amerudi nyumbani kupika, amebeba uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, amevaa kanga safi na kitambaa cha kanisani. Akaweka chupa chini, akachuchumaa kando ya kitanda, mama mkwe mzima, mbele ya wagonjwa wote, akapiga makofi.

"Mama Skola, umeamkaje?"

Mwili wangu wote ulikaza. Nilimshika mama mguu ili nimzuie asiinuke. Hakuinuka. Hata macho hakufumbua.

"Sikuamka vizuri, mama," akasema. "Mtoto wangu amekufa. Kichwa kinaniuma. Nimelala."

Sikuwahi kusikia mtu akijibu salamu hivyo, na nadhani bibi naye hakuwahi, na umri wake wote ule. Alibaki amechuchumaa, mdomo umefunguka. Kisha, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, akapiga makofi tena, taratibu zaidi, akaanza upya.

"Habari za... Umeamkaje, mwanangu?"

"Amekufa, mama."

Viganja vya bibi vilikutana mara ya tatu, havikutoa sauti, vikabaki vimeshikana. Chini ya kucha kulikuwa bado na udongo wa shamba letu. Alimtazama mama, akatazama chupa ya uji, akanigeukia mimi, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni bila yeye kuyafuta.

"Sasa nimwitikie nini, mjukuu wangu?" akaniuliza. "Niambie. Mtu akijibu hivyo, anaitikiwaje?"

Nami sikujua.